Hugh Tracey

Hugh Travers Tracey (Willand, Devon, Uingereza, 29 Januari 1903 – Afrika Kusini, 23 Oktoba 1977) alikuwa mtafiti na mrekodi wa muziki wa Kiafrika. Kwa karibu miaka hamsini alisafiri katika nchi nyingi zilizo kusini mwa Sahara, zikiwemo Tanganyika, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, akinasa sauti za waimbaji na wapiga ala katika vijiji, migodi na majumba ya wafalme. Mwaka 1954 alianzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika, inayojulikana kwa kifupi kama ILAM. Leo rekodi zake hutumiwa na wataalamu wa muziki, na pia na watayarishaji wanaotafuta sauti za zamani kwa ajili ya muziki mpya.

Maisha ya awali

Tracey alizaliwa katika kijiji cha Willand, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bado kijana, alikwenda Rhodesia ya Kusini (leo Zimbabwe) kumsaidia kaka yake Leonard, aliyekuwa na shamba la tumbaku. Shambani alifanya kazi pamoja na vibarua wa Kikaranga, ambao ni sehemu ya Washona. Alijifunza lugha yao, akajifunza pia nyimbo zao na kuziimba pamoja nao.

Aligundua kwamba Wazungu wengi waliomzunguka hawakuuthamini muziki huo. Wamisionari wengi waliuona kuwa wa kipagani, na shule zilifundisha tenzi za Ulaya badala yake. Tracey aliamini kwamba nyimbo hizo zingeweza kupotea katika muda wa kizazi kimoja au viwili.

Mwaka 1929 alilipeleka kundi la vijana wa Kikaranga hadi Johannesburg, Afrika Kusini, ambako mafundi wa kampuni ya Columbia walikuwa wamefika kurekodi. Santuri zilizotokana na safari hiyo ni miongoni mwa rekodi za kwanza za muziki wa asili wa Rhodesia. Baadaye, akiwa Uingereza, alikutana na watunzi Ralph Vaughan Williams na Gustav Holst, waliomtia moyo aendelee kukusanya. Kwa msaada wa fedha kutoka mfuko wa Carnegie alichunguza muziki wa Washona katika miaka ya 1932 na 1933.

Redio na utafiti

Katikati ya miaka ya 1930 Tracey aliingia katika kazi ya utangazaji nchini Afrika Kusini. Kuanzia mwaka 1936 hadi 1947 aliongoza kituo cha redio cha Durban. Katika kipindi hicho aliwachunguza Wachopi wa Msumbiji, wanaojulikana kwa vikundi vikubwa vya marimba za mbao ziitwazo timbila. Kitabu chake kuhusu wanamuziki hao, Chopi Musicians, kilitolewa mwaka 1948.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 alishiriki kuanzisha Chama cha Muziki wa Kiafrika. Aliacha redio na kuanza kufanya kazi kwa msaada wa kampuni ya santuri ya Gallo ya Johannesburg. Kampuni ilipata nyimbo za kuuza, naye alipata fedha za safari na vifaa. Hivyo tangu mwanzo utafiti wake ulifungamana na biashara ya santuri.

Namna ya kurekodi

Tracey alisafiri kwa magari yaliyobeba mitambo ya kunasia sauti. Kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na umeme, alichukua jenereta na kuiweka mbali, ili mngurumo wake usiingie katika rekodi. Hakuiacha maikrofoni isimame mahali pamoja. Mara nyingi aliishika kwa mkono na kuisogeza, sasa kwa mwimbaji, sasa kwa ngoma, sasa kwa kibwagizo, ili kila sauti isikike wazi.

Upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulichukua takriban dakika tatu tu. Ngoma ambayo kijijini ingechezwa usiku kucha ililazimika kufupishwa. Anayesikiliza rekodi hizo leo husikia sehemu ya shughuli iliyokuwa ndefu zaidi.

Aliandika taarifa za kila wimbo kwenye kadi: jina la wimbo, lugha, mahali, ala na, mara nyingi, majina ya wahusika. Alipima pia sauti za marimba na ala nyingine kwa kutumia vyuma maalumu ambavyo kila kimoja hutoa sauti moja isiyobadilika. Vipimo hivyo vilionyesha kwamba ala nyingi za Kiafrika zina mpangilio wake wa sauti, usiolingana na ule wa piano.

Safari za Afrika ya Mashariki

Mwaka 1950 Tracey alirekodi Tanganyika na Kenya. Upande wa Tanganyika alinasa muziki wa jamii mbalimbali, wakiwemo Wagogo, Wanyamwezi na Wahaya. Katika safari za mwaka 1950 na 1952 alirekodi pia bendi za dansi za mijini, zilizochanganya gitaa na ala za upepo na midundo ya ng'ambo.

Huko Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kikipsigis walimwimbia kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwao pamoja na gramafoni. Wimbo huo ni kati ya rekodi zake zinazojulikana zaidi duniani.

Nchini Uganda alirekodi wanamuziki wa ikulu ya Kabaka wa Buganda, na mwaka 1952 wale wa mfalme wa Rwanda. Ufalme wa Rwanda ulifutwa mwaka 1961, na ikulu ya Kabaka ilishambuliwa na jeshi mwaka 1966. Wanamuziki wa ikulu walitawanyika, na rekodi za Tracey zikawa kati ya kumbukumbu muhimu za muziki wao.

Mwaka huohuo wa 1952, mjini Jadotville (leo Likasi) katika Katanga, alimrekodi kijana mpiga gitaa aliyeimba kwa Kiswahili, Jean-Bosco Mwenda. Wimbo wake Masanga ulitolewa kwenye santuri na kumfanya ajulikane hadi Afrika ya Mashariki. Baadaye Mwenda alifanya kazi ya muziki Nairobi pia.

ILAM na kalimba

ILAM ilianzishwa mwaka 1954 huko Roodepoort, karibu na Johannesburg. Kutokana na hazina yake, Tracey alitoa mfululizo wa Sound of Africa wenye santuri zaidi ya 200, uliokusudiwa hasa kwa vyuo na maktaba, na mfululizo mfupi wa Music of Africa wenye santuri 25 kwa wasikilizaji wa kawaida.

Mwaka huohuo alianzisha kampuni ya kutengeneza ala. Bidhaa yake kuu ilikuwa kalimba, iliyotokana na mbira na marimba za mkono za Kiafrika, lakini ikiwa imepangwa kwa sauti za Kizungu ili ipigwe pamoja na piano au gitaa. Katika miaka ya 1970 Maurice White wa kundi la Earth, Wind & Fire aliifanya ijulikane sana Marekani. Mwaka 1991, viwanda vya vinanda vya elektroniki vilipokubaliana juu ya orodha ya pamoja ya sauti 128, kalimba iliwekwa humo kama sauti namba 109. Kwa hiyo kinanda kinachofuata orodha hiyo huwa na sauti yenye jina ambalo Tracey aliisambazia ala yake.

Matumizi katika muziki wa kisasa

Sampla ni mtambo unaohifadhi kipande kifupi cha sauti na kukirudia kwa kasi au kimo tofauti. Mitambo hiyo ilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, na baadaye kazi hiyo ikahamia kwenye programu za kompyuta. Watayarishaji wanaopenda ladha ya zamani hutafuta rekodi zenye mkwaruzo wa santuri, sauti ya chumba au uwanja, na ala zisizopangwa kama piano. Rekodi za Tracey zina sifa zote hizo. Mwaka 2016 mradi wa Beating Heart ulitoa albamu iliyotengenezwa na watayarishaji wa muziki wa elektroniki kutokana na rekodi zake za Malawi, kwa makubaliano na ILAM, na sehemu ya mapato ikaelekezwa kwenye miradi ya kijamii nchini humo.

Matumizi hayo yamefufua swali la haki. Taratibu za hakimiliki za enzi ya ukoloni hazikuwalinda waimbaji wa vijijini, na rekodi zilibaki mikononi mwa aliyerekodi na kampuni. Tracey amelaumiwa pia kwa kupendelea muziki aliouona kuwa safi na kutilia shaka mitindo mipya ya mijini, ingawa alirekodi yote miwili. Kwa upande mwingine, kadi zake ndizo zinazowezesha leo kuwatafuta wanamuziki au watoto wao. Katika miaka ya 2010 ILAM, pamoja na washirika wa Kenya, ilirudisha nakala za rekodi Kapkatet na sehemu nyingine za nchi hiyo. Baadhi ya waliorekodiwa walikuwa bado hai, na wakasikia sauti zao za ujanani.

Kifo na urithi

Tracey alifariki mwaka 1977 akiwa na umri wa miaka 74. Mwanawe Andrew Tracey, naye mtaalamu wa muziki wa Kiafrika, alichukua uongozi wa ILAM. Mwaka 1978 maktaba hiyo ilihamia Chuo Kikuu cha Rhodes mjini Grahamstown, ambao tangu mwaka 2018 unaitwa Makhanda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 rekodi nyingi zilitolewa upya kwenye sidii, na baadaye hazina ya ILAM ikaanza kuwekwa katika mfumo wa kidijitali, ili isikilizwe pia na wananchi wa nchi ambako nyimbo hizo zilitoka.