James Chuma, Mnyapara wa Misafara

Msafiri apitaye Tunduma leo kwa gari huvuka kwa saa chache nyanda zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Mwaka 1879 msafara wa watu wapatao 150 ulizivuka nyanda hizo kwa miguu. Mkubwa wake alikuwa Joseph Thomson, Mskoti wa miaka 21, na vitabu vya safari humsifu sana. Hatumnyimi haki yake. Lakini twaona yafaa watoto wetu wamjue pia mnyapara wake, James Chuma.

Chuma alikuwa Myao, aliyezaliwa yapata mwaka 1850. Angali mtoto aliuzwa utumwani, na mwaka 1861 akafunguliwa na David Livingstone na Askofu Mackenzie wa Kanisa la Kiingereza. Mwaka 1864 akavuka Bahari ya Hindi hadi Bombay katika meli ndogo ya moshi iliyoundwa kwa maji ya ziwani, si ya bahari kuu! Huko alisoma, akabatizwa, na mwaka 1866 akarudi Afrika pamoja na Livingstone.

Livingstone alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Hapo Chuma, Abdullah Susi na wenzao waliamua jambo ambalo hawakuamriwa na mtu. Moyo wa marehemu wakauzika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakaufunga kwa gome la mti na turubai. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, Luteni Cameron aliwashauri wauzike palepale, wakakataa. Mbele zaidi wenyeji hawakutaka maiti ipite nchini mwao. Basi wakafunga mabua ya mtama mfano wa maiti, wakatuma watu warudi nayo kana kwamba wanakwenda kuzika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama mtumba wa nguo. Februari 1874 wakafika Bagamoyo, na mwili ukapokewa katika misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu. Livingstone alipozikwa London mwezi wa Aprili, Chuma hakuwapo. Alipelekwa Uingereza baadaye mwaka uleule, akasaidia kufafanua daftari za marehemu.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyemwokoa Thomson. Kiongozi wa kwanza wa msafara ule, Keith Johnston, alikufa Behobeho Juni 1879, na kazi yote ikamwangukia kijana mgeni wa Afrika. Chuma alijua lugha nyingi; alijua kusemezana na wakuu wa nchi, kugawa posho na kutuliza wapagazi walionung'unika. Walipofika Ziwa Tanganyika mwezi wa Novemba, Thomson alichukua watu wachache akaenda kaskazini, akamwachia Chuma kambi nzima na mali yake. Aliporudi aliikuta kambi salama. Katika kurejea pwani, mwaka 1880, Ziwa Rukwa nalo likaonwa na kuingizwa katika ramani. Karibu wapagazi wote walifika makwao wazima, jambo la nadra katika misafara ya siku zile. Nasi twalihesabu kuwa kubwa kuliko ramani yenyewe.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa Chuma upanga na nishani ya fedha. Hakuvifaidi sana: alifariki Unguja mwaka 1882 kwa kifua kikuu, hata miaka 35 hajatimiza.