Theodore Roosevelt: Msee Aliyepewa Umakamu wa Rais Ili Anyamaze, Miezi Sita Baadaye Akawa Rais

Mambo ya mgombea mwenza Wakenya tunayajua. Kila uchaguzi stori ni ile ile: huyu analeta kura za wapi? Atatuliza watu gani? Swali la kama anaweza kuendesha nchi siku bosi hayupo huwa linakuja mwisho, kama linakuja kabisa.

Wamarekani nao walilipuuza hilo swali mwaka wa 1900. Wadosi wa chama cha Republican walikuwa na jamaa mmoja msumbufu, wakaona dawa yake ni kumpa kiti cha makamu wa rais akae hapo anyamaze. Jamaa huyo alikuwa Theodore Roosevelt.

Mtoto wa mababi mwenye pumu

Roosevelt alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858. Kwao doo haikuwa shida, shida ilikuwa kifua. Pumu ilimsumbua vibaya sana utotoni, mpaka mzae wake akamwambia ajenge mwili. Kijana akaanza kupiga chuma na kucheza ndondi. Alimaliza Harvard 1880, mwaka huo huo akaoa dame anaitwa Alice Lee, na akiwa na miaka 23 tayari alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la New York.

Halafu ikaja tarehe 14 Februari 1884. Siku hiyo mathe yake alifariki kwa homa ya matumbo. Saa chache baadaye, ndani ya nyumba hiyo hiyo, Alice naye akaaga. Alikuwa amejifungua mtoto msichana siku mbili tu kabla.

Roosevelt alimwachia dada yake mtoto akahepa hadi Dakota, huko magharibi, akaenda kufuga ng'ombe. Aliporudi alioa tena, 1886, na akajitupa kwa kazi kama mtu ambaye hataki kupata muda wa kufikiria. Mwaka wa 1895 akawa mkubwa wa bodi ya polisi ya jiji la New York. Usiku alikuwa anatembea mtaani mwenyewe akitafuta makarao waliolala kazini. 1897 akawa naibu waziri wa jeshi la majini. Vita na Uhispania ilipoanza 1898, aliacha hiyo kazi ya ofisi, akakusanya kikosi cha wapanda farasi wa kujitolea na kwenda kupigana Cuba.

Alirudi akiwa staa, magazeti nchi nzima yakimwandika. Miezi michache baadaye alikuwa gavana wa New York.

Gavana asiyetumwa

Chama cha Republican pale New York kilikuwa na mwenyewe: Seneta Thomas Platt. Huyu ndiye alikuwa anaamua nani anapata kazi gani, na makampuni makubwa yalikuwa yanajua mlango wa kubisha. Platt alimkubali Roosevelt kwa sababu moja tu, chama kilikuwa kimechafuka jina na kilihitaji shujaa ili kishinde.

Kumbe shujaa hatumwi. Roosevelt alipitisha kodi kwa makampuni yaliyopewa leseni za kuhudumia umma, kama ya tramu na gesi. Pia alikataa kumrudisha kazini msimamizi wa bima, mtu wa karibu wa Platt. Wenye pesa wakaanza kulalamika, na malalamiko yao yakatua kwa meza ya Platt.

Kumfuta gavana hawezi, wananchi wanampenda. Kumshinda kwa kura ni ngori. Lakini mnamo Novemba 1899 makamu wa rais, Garret Hobart, alifariki akiwa ofisini. Enzi hizo katiba ya Marekani haikuwa na njia ya kujaza hicho kiti katikati ya muhula, sheria hiyo ilikuja 1967. Kwa hivyo kilibaki wazi kikingoja uchaguzi wa 1900. Platt akaona mwanya.

Lazima uelewe kiti chenyewe kilikuwa nini. Makamu wa rais alikuwa anaongoza vikao vya Seneti, anapiga kura tu pale kura zikilingana, basi. Rais hakuwa na lazima ya kumwita mkutanoni wala kumuuliza kitu. Watu wengi walioingia hapo walitoka wakiwa wamesahaulika. Ukitaka kumzika mwanasiasa akiwa hai, hapo palikuwa makaburini.

Mkutano wa Philadelphia

Roosevelt mwenyewe hakuwa fala. Mapema 1900 alitangaza hataki hicho kiti. Lakini Juni, chama kilipokutana Philadelphia, alifika akiwa amevaa kofia pana kama ile ya vita vya Cuba. Wajumbe kuiona tu wakachizi.

Kwa wakati huo si mgombea urais aliyechagua mwenzake kama leo. Wajumbe na wadosi ndio walipanga. Ilikuwa hadi 1940 ndipo rais mmoja, binamu wa mbali wa huyu Roosevelt aitwaye Franklin, alilazimisha chama kimkubali mtu wake. Rais William McKinley alikataa kusema anamtaka nani, akaacha mkutano uamue.

Kila mbogi ilikuwa na sababu yake. Platt alitaka amtoe New York. Matthew Quay, mdosi wa chama wa Pennsylvania, alikuwa na kisasi na mwenyekiti wa chama, Mark Hanna, na alitaka kumkomesha. Wajumbe wa magharibi, hao walimpenda Roosevelt kwa roho safi. Aliyepinga kabisa ni Hanna. Yeye aliwakumbusha wenzake kwamba kati ya huyu jamaa na Ikulu kutakuwa na uhai wa mtu mmoja tu.

Na hakuwa anatisha watu bure. Kufikia 1900, marais wanne wa Marekani walikuwa washafia ofisini na makamu wao kuchukua usukani: 1841, 1850, 1865 na 1881. Yaani mfano ulikuwepo, tena mbichi. Watu waliokuwa ndani ya ule ukumbi walikuwa wanakumbuka mazishi mawili ya mwisho.

Hawakusikia. Kura zilikuwa 926. Roosevelt alipata 925. Hiyo moja iliyokosekana ilikuwa yake mwenyewe.

McKinley alibaki nyumbani kwake Ohio, mgombea mwenza ndiye akaenda kusaka kura. Alisafiri zaidi ya maili 20,000 kwa treni, majimbo 24, akihutubia hadi sauti ikaisha. Novemba wakambwaga William Jennings Bryan.

Siku nne za kazi

Aliapishwa tarehe 4 Machi 1901. Aliongoza Seneti siku kama nne hivi, ikaenda mapumziko hadi Desemba. Mtu aliyezoea kukimbia sasa hakuwa na kitu cha kufanya. Akaanza kufikiria kurudi kusoma sheria. Mpango wa Platt ulikuwa unafanya kazi poa.

Tarehe 6 Septemba, McKinley alikuwa kwenye maonyesho makubwa mjini Buffalo akisalimia wananchi. Kwenye foleni alikuwepo Leon Czolgosz, na bastola yake ilikuwa imefichwa ndani ya kitambaa mkononi. Akampiga rais risasi mbili.

Roosevelt alikimbia Buffalo. Madaktari wakasema mgonjwa anapata nafuu, na ili wananchi wasishtuke, makamu akaenda zake milimani na familia. Tarehe 13 alikuwa ndiyo ametoka kilele cha Mlima Marcy alipomwona mtu anakuja mbio na telegramu. McKinley alikuwa amezidiwa. Usiku huo Roosevelt alishuka mlima kwa gari la farasi, barabara ya matope, giza totoro, wakibadilisha farasi njiani. Alipofika stesheni ya treni alfajiri aliambiwa rais ameshafariki.

Aliapishwa siku hiyo, 14 Septemba 1901, katika nyumba ya rafiki yake pale Buffalo. Alikuwa na miaka 42, na hadi leo hakuna aliyewahi kuwa rais wa Marekani akiwa mdogo kuliko yeye.

Yule waliyetaka kumzika

Wenye makampuni waliolia kwa Platt sasa walikutana naye Ikulu. 1902 serikali yake ilishtaki kampuni kubwa ya reli iliyoundwa na tajiri J.P. Morgan na wenzake, na 1904 Mahakama ya Juu ikaamuru ivunjwe. Mwaka huo huo alishinda uchaguzi kwa jina lake. Wale makamu wanne waliorithi kiti kabla yake, hakuna hata mmoja aliyeweza hiyo. 1906 akapewa tuzo ya amani ya Nobel kwa kupatanisha Urusi na Japani.

Lakini hapa kuna kitu. Mwaka wa 1896, kabla hata ya kuwa gavana, Roosevelt aliandika makala akisema makamu wa rais anafaa awe na msimamo mmoja na rais, na apewe kazi ya maana. Ilipofika zamu yake 1904, chama kilimpa Charles Fairbanks, seneta wa Indiana wa mrengo tofauti na wake, ili kuridhisha upande ule. Roosevelt alimkubali, kisha akamweka kando miaka minne bila kazi. Hata yeye aliyeponea huko makaburini, alimpeleka mwingine.

Alipoondoka madarakani alikuja kwetu. Alishuka Mombasa Aprili 1909 na kijana wake Kermit, wakapanda treni ya Uganda, yeye akikaa mbele kabisa ya injini aone wanyama. Wapagazi zaidi ya 200 walimbebea mizigo kichwani, wakamwita Bwana Mkubwa, na Kermit, kwa vile alivyopiga luku, wakamwita Bwana Maridadi. Baba na mwana waliua wanyama na ndege 512, wengi wakapelekwa makumbusho Washington. Ukisoma hiyo hesabu leo inauma.

1912 aligombea tena kwa chama kipya, mwenza wake akiwa Hiram Johnson, gavana wa California. Oktoba alipigwa risasi Milwaukee, akahutubia kwanza ndiyo aende hospitali. Alishindwa na Woodrow Wilson. Na siku sita kabla ya kura, makamu wa Rais Taft, James Sherman, alifariki, jina lake likiwa bado kwenye karatasi.

Roosevelt alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, akiwa na miaka 60. Baada yake marais wengine watatu wamefia ofisini. Mara zote tatu, aliyeapishwa ni yule mtu ambaye wengi hawakumwangalia vizuri siku ya kupiga kura.

Wewe je, ushawahi kumpigia mtu kura kwa sababu ya mgombea mwenza wake?