BWANA STUDD, MCHEZAJI ALIYEZIKWA IBAMBI

Sisi hapa Bunia tunapenda mpira sana. Kriketi hatuichezi. Ni mchezo wa Waingereza: mmoja anatupa kampira kagumu, mwingine anakapiga na ubao. Lakini mchezaji mmoja mkubwa wa mchezo huo alizikwa katika inchi yetu, kule Ibambi. Tunataka kuandika kidogo juu yake.

Charles Thomas Studd alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860, mtoto wa tajiri. Alisoma Eton, kisha Cambridge, akachezea pia timu ya Middlesex. Mwezi wa Agosti 1882, Uingereza ilipambana na Australia mjini London. Mwisho wa mchezo, Studd alisimama kiwanjani tayari, ubao mkononi, lakini mipira yote ilienda kwa mwenzake. Mwenzake akaangushwa, na Uingereza ikashindwa kwa pointi 7. Studd hakupiga hata mpira mmoja! Miezi iliyofuata akaenda Australia na timu, nao wakalipiza.

Halafu ndugu yake George akagonjwa karibu kufa. Studd alikaa pembeni ya kitanda, akajiuliza sifa ya kiwanjani inasaidia nini mbele ya kifo. Februari 1885 akaacha yote, akaenda China na wenzake sita kuhubiri Injili. Urithi wa baba yake, pauni nyingi sana, akaugawa.

Baada ya China na Uhindi, mwaka 1913 alikuja Kongo na kijana Alfred Buxton. Alikuwa na miaka 52, tena mgonjwa wa pumu. Walipitia Uganda na Ziwa Albert mpaka Niangara. Watu wakamwita Bwana Mukubwa. Alifasiri Agano Jipya katika Kingwana.

Lakini tusifiche neno. Tangu 1916 hakurudi tena Ulaya. Mke wake Priscilla, mgonjwa wa moyo, alibaki kule. Mwaka 1928 alikuja kumwona majuma mawili tu, na 1929 akafa. Studd alikuwa mkali pia, wenzake wengine waligombana naye. Alikufa Ibambi tarehe 16 Julai 1931.

Sisi wanafunzi tumebishana sana: alifanya vema kuacha jamaa hivi? Hatukupatana. Ila neno moja tumelikubali wote: kriketi ilichukua miaka michache tu ya maisha yake. Na sisi, nguvu ya miguu yetu ikiisha, tutabaki na nini?