Ponzi, mtu wa kuponi

Kila baada ya miezi michache, kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa yetu hapa Pwani huingia tangazo jipya. Kuna roboti, tunaambiwa, inayonunua na kuuza sarafu za kidijitali usiku na mchana. Hailali, haichoki, haikosei. Weka shilingi elfu kumi leo, mwezi ujao uchukue elfu kumi na tano. Na anayelileta tangazo hilo si mgeni. Ni shemeji, ni mwalimu wa watoto, ni mtu tunayesali naye safu moja. Mara nyingi kuna jambo moja ambalo mtu huyo hasemi uongo: yeye amelipwa kweli.

Huko kulipwa kweli ndiko kunakonifanya leo nimwandike Charles Ponzi, Muitaliano aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita, kabla kompyuta hazijaingia majumbani mwa watu. Jina lake limegeuka kuwa jina la utapeli wenyewe, lakini wengi wanaolitaja hawajui hasa alifanya nini.

Alizaliwa Machi 3, 1882, katika mji wa Lugo, kaskazini mwa Italia. Alipelekwa chuo kikuu Roma akaenda kukaa na watoto wa matajiri, akala pesa nao, shahada hakuipata. Novemba mwaka wa 1903 alishuka bandari ya Boston, Marekani, akiwa na dola mbili na nusu mfukoni. Zilizobaki zilikuwa zimekwenda kwenye kamari melini. Akaosha vyombo mkahawani, akapandishwa kuwa mhudumu, kisha akafukuzwa kwa kuwapunja wateja chenji.

Mwaka wa 1907 alihamia Montreal, Kanada, na huko ndiko, kwa maoni yangu, alikosomea kazi yake. Alipata ukarani katika benki ndogo iliyoitwa Banco Zarossi, benki ya wahamiaji wa Kiitaliano. Benki hiyo ilitoa riba ya asilimia 6 kwa mwaka, maradufu ya benki nyingine, na watu wakamiminika. Ponzi alipopata kuviona vitabu vya hesabu aligundua kwamba mikopo ya nyumba ilikuwa imeoza, na kwamba riba ya wateja wa zamani ilitoka kwenye amana za wateja wapya. Mwenye benki akakimbilia Mexico. Ponzi akabaki hana kitu. Siku moja akaingia ofisi ya mteja wa zamani wa benki, akaona daftari la hundi, akajiandikia dola 423 na senti 58 na kughushi sahihi. Akafungwa Kanada. Alipotoka, akakamatwa tena kwa kuwavusha Waitaliano kuingia Marekani kinyume cha sheria, akafungwa miaka miwili Atlanta.

Haki apewe hata tapeli. Baada ya kifungo hicho alifanya kazi katika kambi ya wachimba migodi, na muuguzi mmoja wa hapo alipoungua vibaya, Ponzi alijitolea akatwe ngozi ya mwilini mwake ili yule dada atibiwe. Mwenyewe aliugua kwa ajili hiyo. Nakitaja kisa hiki kwa sababu tuna mazoea ya kudhani tapeli ana alama usoni. Ponzi alikuwa mfupi, mtanashati, mchangamfu, mwepesi wa kusaidia. Mwaka wa 1918 alimuoa Rose Gnecco, binti wa familia ya Kiitaliano ya Boston, na waliomjua walisema anampenda kwa dhati.

Sasa tuje kwenye kuponi.

Mwaka wa 1919 Ponzi alipokea barua kutoka Hispania, na ndani yake mlikuwa na kuponi ya posta ya kimataifa. Kuponi hizo zilianzishwa na nchi wanachama wa umoja wa posta duniani ili mtu aweze kumlipia mwenzake wa nchi nyingine gharama ya kujibu barua. Unainunua kwako, unaitia ndani ya bahasha, mwenzako anaipeleka posta ya kwao na kupewa stempu. Bei yake ilikuwa imepangwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita, pesa za Italia zilikuwa zimeporomoka dhidi ya dola, lakini bei ya kuponi haikubadilishwa. Kwa hiyo dola moja ikibadilishwa kuwa lira ilinunua Italia kuponi nyingi kuliko ilivyonunua Boston, na kila kuponi ilizaa stempu ya thamani ile ile Marekani.

Hesabu hiyo ilikuwa ya kweli. Hapa nawaomba wasomaji wangu mtulie kidogo. Kuponi zilikuwepo, tofauti ya bei ilikuwepo, na sheria haikuikataza biashara yenyewe waziwazi. Angesimama mtu barazani akaieleza, hata hakimu angetikisa kichwa akakubali. Ila kuponi ilitoa stempu, si pesa taslimu. Ili kupata faida ya dola elfu moja ingebidi kusafirisha marundo ya kuponi, kisha kutafuta wa kuzinunua stempu. Posta za nchi mbalimbali nazo hazikuwa tayari kuuza kuponi kwa maelfu. Ponzi aliligundua hilo mapema. Badala ya kuiacha biashara, aliendelea kuihadithia.

Akafungua afisi barabara ya School, katikati ya Boston, akaiita Securities Exchange Company. Mtaji wake ulikuwa kiasi cha dola 150. Ahadi: lete pesa zako, baada ya siku 90 uchukue pamoja na faida ya asilimia 50. Kisha ili kuwashangaza zaidi akawa analipa kwa siku 45. Benki za wakati huo zilitoa asilimia 5 kwa mwaka mzima.

Wa kwanza kuja walikuwa wachache, wakaweka kidogo kidogo. Siku 45 zikatimia, wakalipwa. Hapo ndipo biashara ilipoanza, maana hakuna tangazo linaloshinda jirani aliyelipwa. Mawakala waliowaleta wengine walipewa kamisheni ya asilimia 10. Walikuja wauza matunda, wafagiaji, wajane, polisi kwa wingi, na baadaye watu wenye elimu zao. Wengine waliweka nyumba rehani. Na wengi, muda wao ulipotimia, hawakuchukua chochote. Waliyaacha yote yazunguke tena. Huo ndio msaada mkubwa kuliko wote kwa tapeli, kwa sababu faida isiyochukuliwa haimgharimu hata senti. Ni tarakimu tu kwenye karatasi, kama siku hizi zilivyo tarakimu kwenye simu.

Kufikia Julai 1920 zilikuwa zikiingia dola milioni moja kwa wiki. Ponzi alinunua jumba Lexington, akamleta mamake kutoka Italia, akajipatia usemi katika benki ya Hanover Trust ambamo aliweka pesa zake. Hesabu za baadaye zilionyesha kwamba tangu Desemba 1919 alipokea dola milioni 9 na nusu hivi, na hati alizowapa watu zilimdai milioni 14 na zaidi. Pengo hilo la karibu milioni 5 halikuwa na biashara yoyote nyuma yake. Kila mteja mpya alilijaza kidogo kisha akalipanua.

Yaliyomwangusha yalikuwa madogo. Muuza fanicha mmoja aliyemkopesha samani alimshtaki akidai sehemu ya utajiri wake, na watu wakaanza kuulizana utajiri huo umetoka wapi. Gazeti la Boston Post, lililokuwa limemsifu, likageuka na kuanza kuchimba. Likamtafuta Clarence Barron, mwandishi mashuhuri wa mambo ya fedha, naye akauliza swali moja ambalo kwa miezi minane hakuna aliyeliuliza: kuponi zenyewe ziko wapi? Kwa pesa alizokusanya Ponzi zingehitajika kuponi kama milioni 160. Zilizokuwa zikizunguka zilikuwa kama 27,000.

Ungedhani hapo watu wangemkimbia wote. Kweli walipanga foleni kudai, lakini Ponzi aliwalipa mbele ya umma, akatembea katikati ya msongamano akigawa kahawa na maandazi, akitabasamu. Wengine wakaona haya, wakarudi nyumbani na hati zao. Alikuwa ameshakubaliana na mwendesha mashtaka asimamishe kupokea pesa mpya wakati hesabu zikikaguliwa. Bila pesa mpya, ilikuwa ni suala la siku tu. Agosti 2 mtu aliyemwajiri kumtangaza aliandika gazetini kwamba bosi wake amefilisika. Agosti 11 Post likachapisha habari za kifungo cha Montreal, na siku iliyofuata Ponzi akajisalimisha. Hanover Trust ilifungwa, na benki nyingine kadhaa za Boston zikaanguka nayo. Gazeti lilipata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu ukiitoa kuponi na kuiweka roboti mahali pake, hakuna kinachobadilika. Programu za kompyuta zinazonunua na kuuza sarafu kweli zipo. Bei za sarafu kweli hutofautiana kati ya soko na soko. Ndiyo maana maneno huingia akilini. BitConnect, iliyoanza mwaka wa 2016, iliahidi faida ya kila siku kutokana na roboti yake ya biashara. Januari 2018 ilifunga mlango, na waendesha mashtaka wa Marekani walitaja dola bilioni 2.4. Mirror Trading International ya Afrika Kusini ilikusanya bitcoin zaidi ya 29,000 kwa hadithi kama hiyo na kuanguka mwishoni mwa 2020. Kiongozi wake alikamatwa Brazil. Sisi Kenya tuliyaona ya miaka ya 2006 na 2007, bila roboti wala sarafu, na ndugu zetu wa Tanzania wakaonja ya DECI mwaka wa 2009, ambako watu waliambiwa wanapanda mbegu.

Hapa kwetu kuna nyongeza moja. Wanaoyaleta mambo haya hutuliza nyoyo kwa kusema kwamba si riba, ni faida ya biashara, hivyo ni halali. Mwulize huyo kama mtaji wako unaweza kupotea. Akisema hauwezi, na faida ni kiasi kile kile kila mwezi, basi hiyo si mudharaba anayoijua mwanachuoni yeyote. Katika mudharaba mwenye mali hubeba hasara ikitokea, na hakuna anayeahidiwa kiwango maalumu cha faida.

Tumrudie Ponzi. Alikiri kosa la kutumia posta kwa utapeli, akahukumiwa miaka 5. Wakati yumo gerezani, wasimamizi wa mali yake walikuwa wakihangaika na jambo lililofika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Katika ile wiki ya Agosti, baada ya habari ya kufilisika kutoka, watu kadhaa waliwahi mlangoni wakarudishiwa pesa zao. Walijiona werevu. Mwaka wa 1924 mahakama iliamua wazirejeshe, zigawanywe kwa wadai wote, kwa sababu walichokuwa wamekichukua hakikuwa pesa walizoleta wao. Hizo zilikuwa zimeshapotea. Walikuwa wamechukua za wenzao. Yule shemeji aliyelipwa kweli, huyo ndiye hukumu hii ilimgusa.

Waliobaki walipata chini ya nusu ya walichoweka, baada ya miaka ya kungoja.

Ponzi mwenyewe hakukoma. Alipoachiliwa akisubiri rufani ya kesi nyingine, alikwenda Florida akauza viwanja, vingi vikiwa vinamasi, akiahidi asilimia 200 kwa siku 60. Akakamatwa. Akanyoa kichwa, akafuga masharubu, akajaribu kutoroka kwa meli, akashikwa New Orleans. Alifungwa tena hadi mwaka wa 1934, kisha akarudishwa Italia kwa sababu hakuwa amewahi kuchukua uraia wa Marekani. Rose alibaki Boston, na baadaye wakaachana.

Alipata kazi ya shirika la ndege la Italia nchini Brazil. Vita vya Pili vilipoifunga kazi hiyo, akaishi Rio de Janeiro kwa kufundisha lugha na kutafsiri. Macho yakamwisha, kiharusi kikamlemaza upande mmoja. Alifariki Januari 18, 1949, katika hospitali ya maskini, na alichoacha kilitosha maziko tu.