Jenatzy, Mbelgiji aliyevuka kilomita 100 kwa saa kwa gari la betri

GISENYI, Rubavu – Pikipiki za umeme zinazidi kuongezeka katika barabara za Rwanda, na wengi huziona kuwa uvumbuzi wa karne hii. Lakini gari la kwanza duniani kuvuka mwendo wa kilomita 100 kwa saa lilitumia betri. Ilikuwa mwaka 1899, na aliyelibuni na kuliendesha ni Mbelgiji Camille Jenatzy.

Jenatzy alizaliwa Schaerbeek, Brussels, mwaka 1868. Baba yake alikuwa na kiwanda cha bidhaa za mpira. Alisomea uhandisi, kisha akaanzisha biashara ya magari ya umeme jijini Paris. Ndevu zake nyekundu na ujasiri wake kwenye usukani vilimpa jina la Shetani Mwekundu.

Mpinzani wake alikuwa Mfaransa Gaston de Chasseloup-Laubat, dereva wa magari ya umeme ya Jeantaud, aliyefikisha kilomita 63 kwa saa Desemba 1898. Mwezi uliofuata Jenatzy alifikisha 66, mwenzake akajibu siku hiyohiyo kwa 70. Siku kumi baadaye Jenatzy alifika 80. Machi, Mfaransa akafika 92.

Hapo Jenatzy aliacha kutegemea magari yenye umbo la mkokoteni wa farasi. Alibuni gari lenye umbo la kombora, bodi ikiwa ya aloi nyepesi ya alumini, na mota mbili nyuma zilizozungusha magurudumu moja kwa moja. Magurudumu yalivalishwa matairi ya Michelin. Aliliita La Jamais Contente, yaani Asiyeridhika Kamwe. Kasoro ilibaki moja: dereva alikaa juu, kifua wazi, akipigwa na upepo ambao umbo hilo lilikusudiwa kuukata. Hata hivyo, tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris, alifikisha kilomita 105.88 kwa saa.

Rekodi hiyo ilidumu hadi 1902, ilipovunjwa na gari la mvuke. Betri zilikuwa nzito na ziliisha haraka, hivyo Jenatzy naye akahamia petroli. Julai 1903 alishinda Kombe la Gordon Bennett nchini Ireland akiendesha Mercedes ya Ujerumani.

Wakati Mbelgiji huyo akiwapa Wajerumani ushindi, huku Kivu Ujerumani na dola la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji ziligombea mpaka. Makubaliano ya Brussels ya mwaka 1910 yaliiacha Gisenyi kwa Wajerumani na Goma kwa Wabelgiji. Aidha, kiu ya Ulaya ya mpira wa matairi iliwagharimu Wakongo wengi maisha yao, kwa kulazimishwa kuugema msituni.

Jenatzy hakufia mashindanoni. Desemba 1913, akiwa mawindoni na marafiki huko Ardennes, alijificha kichakani akaiga mlio wa nguruwe mwitu. Rafiki yake alidhani ni mnyama, akafyatua risasi. Alifariki akikimbizwa hospitali.

Gari lake limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Compiègne, Ufaransa. Swali lililolishinda, la betri kuisha njiani, ndilo analouliza leo mwenye pikipiki ya umeme. Tofauti ni kwamba sasa kuna vituo vya kubadilishia betri, na umeme wenyewe unatoka karibu: mto Sebeya na gesi ya Ziwa Kivu.