Stanley Browne: muganga wa Yakusu aliyepima dawa za ukoma kabla ya kuzisifu

Kisangani, Tshopo – Ukishuka mto Kongo kutoka Kisangani, kilomita kama 20 hivi, unafika Yakusu, katika nchi ya Walokele. Ndipo alipofika mwaka 1936 muganga mmoja kijana kutoka Uingereza, Stanley George Browne. Alikaa pale miaka 23. Watu wa mto walimwita Bonganga, maana yake muganga, na jina hilo baadaye likawa kichwa cha kitabu juu ya maisha yake. Amekwisha kufa tangu 1986, lakini swali lililomsumbua bado linaulizwa kila mwaka katika ofisi za afya: dawa mpya ikifika, utajuaje kama inafaa kweli kupewa watu wa jimbo zima?

Karani aliyesoma usiku

Browne alizaliwa London mwezi wa Desemba 1907, katika familia isiyokuwa na mali. Aliacha shule mapema, akafanya kazi ya karani, huku akisoma jioni. Akapata bourse, akaingia masomo ya uganga katika King's College, akatoka daktari na mpasuaji. Kabla ya kuja Kongo alipitia Antwerp, Ubelgiji, kusoma magonjwa ya nchi za joto, kama walivyofanya waganga wengi waliotaka kutumika katika koloni la Wabelgiji.

Yakusu hakuanza na mikono mitupu. Hospitali ya misheni ya Wabatisti ilikuwepo. Muganga aliyemtangulia, Clement Chesterman, alikuwa amepambana na malale na kufundisha vijana wenyeji kazi ya uuguzi. Browne aliendeleza ile shule ya wauguzi, wale wanaoitwa infirmiye, na kuwasambaza katika zahanati za vijiji. Naye mwenyewe alitembea kijiji kwa kijiji akihesabu wagonjwa. Hapo ndipo alipoona wazi kwamba ukoma ulikuwa umeenea sana katika eneo lile. Karibu na Yakusu, pahali panapoitwa Yalisombo, akaanzisha kituo cha wenye ukoma.

Mafuta yaliyosifiwa bure

Siku zile dawa ya ukoma iliyojulikana karibu dunia nzima ilikuwa mafuta ya chaulmoogra, yanayotoka katika mbegu za mti wa Asia. Mgonjwa alichomwa sindano mara nyingi, na sindano zile ziliuma vibaya. Waganga waliyasifu kwa miaka mingi sababu waliona kwa macho yao wagonjwa waliopata nafuu.

Lakini ukoma ni ugonjwa wa hila. Kijidudu chake kinazaana polepole sana, na mtu anaweza kukaa nacho miaka mingi kabla alama haijatokea. Tena aina moja ya ukoma, ile yenye mabaka machache, mara nyingine inapona yenyewe bila dawa yoyote. Sasa, kama mgonjwa wa namna hiyo amechomwa mafuta, sifa zote zinaenda kwa mafuta. Ndiyo maana kuona mtu mmoja amepona hakutoshi. Inabidi kuhesabu waliopona na wasiopona, kuwalinganisha na wengine wenye ugonjwa wa aina ileile, na kuwafuata kwa miaka.

Baada ya Vita Kuu ya pili ikaja dapsone. Ilikuwa kidonge cha kumeza, na bei yake ilikuwa ndogo sana. Mwanzoni waganga katika nchi mbalimbali walitoa dozi kubwa, na wagonjwa wengine wakapata madhara. Baadaye ikaonekana kwamba dozi ndogo inatosha. Kwa mtu kama Browne, mwenye wauguzi katika vijiji vya mbali, kidonge kile kilibadili kazi yote. Mgonjwa hakulazimika tena kuacha shamba na watoto ili akae kambini. Aliweza kupata dawa karibu na kwake, mkononi mwa muuguzi anayesema lugha yake. Dawa ilikuwa na nguvu, sawa, lakini pia ilikuwa rahisi kununua, rahisi kubeba, na kulikuwa na mtu wa kuitoa. Bila hayo matatu, nguvu yake ingebaki Stanleyville mjini.

Dawa iliyoshindwa ikapata kazi nyingine

Mwaka 1959 Browne aliondoka Kongo na kwenda Uzuakoli, Nigeria, kituo kikubwa cha utafiti wa ukoma. Huko alipokea dawa iliyoitwa B663. Ilikuwa imetengenezwa Dublin, Ireland, na kikundi cha mwanakemia Vincent Barry, ambao walitafuta dawa ya kifua kikuu. Kwa kifua kikuu haikuleta matunda waliyotarajia. Browne na mwenzake Hogerzeil wakaijaribu kwa kikundi kidogo cha wagonjwa wa ukoma, na mwaka 1962 wakatangaza matokeo. Wagonjwa walikuwa wakipata nafuu.

Pamoja na hayo, walieleza pia ubaya wake: dawa ile inageuza rangi ya ngozi, inakuwa nyekundu na kisha nyeusi zaidi. Kwa mtu ambaye majirani tayari wanamtazama kwa woga, hilo si jambo dogo. Mgonjwa akiona ngozi yake inamtangaza kwa kila mtu, anaweza kuacha dawa. Browne aliendelea kufuatilia, na akaona faida nyingine: B663 ilionekana kupunguza ule uvimbe na maumivu makali yanayowapata baadhi ya wenye ukoma wakiwa katika matibabu. Baadaye dawa hiyo ikajulikana kwa jina la clofazimine.

Tangu 1966 aliongoza kituo cha masomo ya ukoma huko London, na akawa mtu anayesikilizwa na serikali nyingi.

Dapsone inachoka

Shida ikatokea pale ambapo wengi walifikiri kazi imekwisha. Mwaka 1964, watafiti waliofanya kazi Malaysia walithibitisha kwamba vijidudu vya wagonjwa wengine vimezoea dapsone, havifi tena. Kidonge kilichopimwa na kusifiwa kilianza kupoteza nguvu, sababu kilitolewa peke yake miaka na miaka. Kumbe kupima dawa hakuishii siku ya kuikubali. Inabidi kuendelea kuiangalia ikiwa tayari mikononi mwa watu.

Mwaka 1981 kikundi cha wataalamu wa OMS kilishauri dawa za ukoma zitolewe kwa pamoja: dapsone, clofazimine na rifampicin. Hapo pia bei iliangaliwa. Rifampicin ilikuwa ghali, lakini inaua vijidudu haraka, hivyo ikaamuliwa mgonjwa aimeze mara moja tu kwa mwezi, mbele ya muuguzi. Nguvu ya dawa, bei yake na kazi ya muuguzi viliwekwa katika hesabu moja. Browne alikufa miaka mitano baadaye, ile dawa ya Uzuakoli ikiwa imeingia katika matibabu ya dunia nzima.

Upande usiopaswa kufichwa

Kazi ya wakati ule haikuwa safi yote. Katika Kongo ya Wabelgiji, wenye ukoma wengi walitengwa na jamaa zao, na watu wa vijiji walilazimishwa kupimwa. Mgonjwa hakuulizwa kama anakubali, kwa namna inayotakiwa leo. Siku hizi utafiti wa dawa unapaswa kupita kwanza katika kamati ya maadili, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa, kukubali au kukataa. Haki hiyo ni sehemu ya upimaji mzuri, sababu mtu asiyeogopa ndiye atasema dawa imemfanya nini.

Yakusu leo ni zone ya afya katika jimbo la Tshopo, na ukoma haujaisha: Kongo ni kati ya nchi ambazo kila mwaka zinaandikisha wagonjwa wapya zaidi ya 1000. Kwa wanaoamua dawa gani inunuliwe, maisha ya Bonganga yanaacha maswali yaleyale. Imeponya wangapi, ikilinganishwa na nini? Imeumiza nani? Bei yake ni ngapi, na nani ataifikisha mpaka kijiji cha mwisho? Wagonjwa wenyewe wanasemaje? Na mwaka kesho nani ataangalia kama bado inafanya kazi?

Kwa msomaji wa nyumbani, jambo la kushika ni hili: baka kwenye ngozi lisilosikia mguso wala maumivu lipelekwe kituo cha afya mapema. Dawa za ukoma zinatolewa bure, na matibabu yanachukua miezi 6 au 12. Anayeanza mapema na kumaliza dawa anaweza kupona bila kubaki na kilema.