Byron Kawadwa, Mtunzi wa Tamthilia wa Uganda

Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda, ila hapa Kimara ni wachache wanaomjua Byron Kawadwa. Pamoja na mtunzi wa muziki Wassanyi Serukenya, alimleta Mtakatifu Karoli Lwanga jukwaani, kwa Kiganda. Tamthilia zake zilijaa nyimbo na vichekesho. Katika Oluyimba lwa Wankoko watu walicheka, huku wakiuona uroho wa madaraka uliouangusha ufalme wa Buganda. Mwaka 1977 kundi lake liliigiza mchezo huo kwenye tamasha la FESTAC, Lagos. Waliporudi, watu wa Idi Amin walimkamata katika Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, Kampala, alilokuwa akiliongoza, wakamwua. Nadhani kicheko ndicho kilichowaudhi zaidi. Mwaka huohuo aliuawa pia Askofu Mkuu wa Kianglikana, Janani Luwum.